Kazi Isiyokwisha

Baba amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine,
aione vizuri picha iliyo kwenye simu yangu.
"Sogeza. Huo ni mwanga au ni bahari?"
Ni bahari, Baba. Bahari ya Kati.
Ni kule Sisilia, Syombua anakomwogesha bibi kizee
aliyesahau jina lake mwenyewe
lakini humwita dada yangu kwa majina ya dada zake waliokufa.

Siku yake ya mapumziko tulikwenda Selinunte
na mkate, na machungwa mekundu ndani kama kidonda.
Namsimulia: hekalu limelala kifudifudi,
nguzo zimeanguka kwa vipande vya duara,
muwa uliokatwa pingili kwa pingili
na muuzaji akaenda zake.
Shamari mwitu hufika kiunoni, hunukia dawa ya tumbo.
Na bahari chini yake, samawati
ile ya sare yangu ya darasa la tatu
kabla haijapauka.

Baba anasikiliza kwa adabu,
kama anavyosikiliza matangazo ya kanisani.
Nje, hapa Njiru, lori la mchanga linarudi kinyumenyume
na mtoto wa jirani analiiga mlio.
Kisha Baba: "Mawe yalitoka wapi?"

Miaka thelathini na mmoja timboni.
Vumbi lilimwingia, likajenga humo humo;
akikohoa nasikia kokoto.
Yumo katika kuta za shule mbili, kanisa moja,
na benki ambayo bawabu alimzuia mlangoni
kwa sababu ya viatu.

Basi namfungulia picha niliyomwekea.
Cusa. Timbo lenyewe.
Mizeituni imeota kati ya miamba,
na nguzo bado zimo,
zimechongwa pande zote ila chini,
hazijang'oka,
kama mtoto aliyetoa kichwa, mabega yakakwama.
Vita vilikuja, namwambia. Wakatupa vyombo wakakimbia.
Miaka elfu mbili na mia nne na ushei.

"Hawakurudi?"
Hawakurudi.
"Na wewe ulilipa kuingia?"
Nililipa, Baba.
"Kulipa! Uone kazi ambayo haijakwisha!"
Anacheka hadi kicheko kinageuka kikohozi,
nami nasimama na kikombe cha maji, nangoja zamu yangu.

Avua miwani moja. Aileta simu puani.
Ukucha wake unafuata alama za tindo
polepole, kama asomaye barua ya mtu anayemjua.
"Huyu alikuwa mashoto. Ona mkwaruzo unavyolala.
Huyu wa pili, mvivu. Au mgonjwa."
Kimya.
"Walilipwa kwa futi ama kwa siku?"
Sijui. Kibao kilimtaja jemadari, na mwaka.
"Basi bado wanadai."

Sikujua kwamba naye ana lake.
Siku ukuta wa timbo ulipoporomoka, asema,
siku ya Nzioki na yule kijana wa Mwala,
aliacha jiwe limekatwa pande tatu.
Hakurudi kulikata la nne.
Alikwenda kuchimba kaburi, kisha akatafuta kazi ya ulinzi.
Maji yamejaa huko sasa, na bata wa mtu fulani,
lakini jiwe liko juu, ukingoni, asema,
kama hawajalifukia kwa takataka.

"Kesho twende. Ulete hiyo simu.
Unipige nimesimama kando yake
kama yule mzungu wako mwenye kofia."

Nacheka. Yeye hacheki.
Namwekea mezani lozi nilizomletea mfukoni mwa koti,
zingali na maganda.
Azigeuza mkononi, achagua moja,
autafuta mshono kwa kidole gumba.
Anyoosha mkono chini ya kitanda bila kuangalia
na nyundo ndogo iko pale pale.

Agonga mara moja.
Ganda lafunguka vipande viwili sawasawa,
punje nzima.
"Kula," asema.